Iwe Mimi

Mjini kwetu Dese, Ethiopia, mtu akijikwaa njiani, aliye karibu naye husema, "Iwe mimi!" Maana yake ni kwamba ule mguu ulioumia ungekuwa wangu, lile jiwe lingenigonga mimi badala yako. Husemwa haraka, kabla aliyejikwaa hajasimama sawasawa, na mara nyingi msemaji haachi hata anachokifanya. Muuza ndizi husema huku akitafuta chenji.

Etiye Bogalech, kama tunavyowaita kwa heshima wanawake waliotuzidi umri, alikuwa bingwa wa neno hilo. Sisi wengine tulilisema mtu akianguka. Yeye alilisema mtu akipiga chafya. Mtoto akidondosha mkate, iwe mimi. Kuku wa jirani akirushiwa jiwe, iwe mimi. Mwaka mmoja lori la mchanga liligonga nguzo ya umeme mbele ya mashine ya kusaga, naye alikuwa akipita na ungo kichwani. Watu wanaapa kwamba aliiambia ile nguzo. Tangu siku hiyo wanaume wa mashineni wakimwona tu walimuuliza, "Etiye, nguzo inaendeleaje?"

"Haijambo," aliwajibu. "Inasema haikuumizwa na lori. Imeumizwa na ninyi mnaoiegemea tangu asubuhi bila kazi."

Nilipanga chumba kimoja uani kwake nilipopata kazi ya kupanga vitabu katika maktaba ya chuo. Nilikusudia kukaa mwaka mmoja, nikakaa zaidi. Jioni na siku za mapumziko niliketi na wanawake wengine kwenye jamvi lake, na kwa kuwa mimi si msemaji, mara nyingi walisahau kwamba nipo.

Riziki yake ilikuwa pilipili. Watu waliotaka berbere ya kuwatosha mwaka mzima, au ya karamu ya harusi, walimletea magunia ya pilipili kavu, naye akawarudishia unga mwekundu wa kupikia. Kazi hiyo haitaki haraka. Pilipili hung'olewa vikonyo moja moja na kupasuliwa, huanikwa, hutwangwa, huchanganywa na vitunguu saumu, tangawizi na mrehani mbichi, hufunikwa mpaka zishibe harufu, huanikwa tena, hukaangwa kidogo, ndipo ziende mashineni. Na Dese ni mji wa ukungu. Ukungu ukianza kuteremka kutoka mlima Tosa, wote tuliinuka mbio na pembe za majamvi mikononi, tukipiga kelele kama watu wanaofukuza mbuzi shambani.

Wanawake walipenda uani pale. Wengine walikuja kwa ujira, wengine kwa mazungumzo. Wengine, nadhani, walikuja kwa sababu mtu akitokwa machozi mbele ya gunia la pilipili hakuna amuulizaye ana nini.

Mume wa Bogalech, Yimer, alichukuliwa jeshini siku za vita vya kaskazini. Hakurudi, wala hakuletwa. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Bogalech alihamia Dese na kinu cha mama yake, na polepole akawa mtu anayeitwa kila jambo zito linapotokea mtaani. Alijua kuketi na waliofiwa. Alijua kulia na wanaolia. Zaidi ya yote, alikuwa na kisa kwa kila msiba. Umefiwa na ng'ombe? Yeye anamjua mtu wa Haik aliyepoteza ng'ombe watatu kwa radi moja. Umeachwa? Binamu yake aliachwa mara mbili na mwanamume yule yule. Watu waliondoka kwake wakiwa wamefarijika au wamechoka. Kwa kuwatazama tu usingeweza kujua lipi.

Jirani yake wa upande wa pili wa uzio wa mabati alikuwa Toyba. Walikuwa marafiki tangu ujana. Bogalech alifunga Jumatano na Ijumaa kwa desturi ya kanisa lake, Toyba alifunga Ramadhani, na kila mmoja alimcheka mwenzake njaa. Kahawa walikunywa pamoja kila siku ambayo kufunga hakukuwazuia.

Binti ya Toyba aliitwa Lubaba. Alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani wakati mtoto wake, Ikram, alikuwa ndiyo kwanza anatambaa. Baba wa mtoto alishajiendea zamani. Lubaba ameniruhusu niandike haya, ila jina la mji aliokuwako ameniomba nisilitaje.

Aliporudi, Ikram alikuwa darasa la kwanza. Mtaa mzima ulijaa kwa Toyba siku hiyo, na kahawa ilikaangwa mpaka moshi ukatuwasha macho. Lubaba aliingia na sanduku lake, akapiga magoti, akanyoosha mikono. Ikram alirudi nyuma, akajificha kwenye sketi ya bibi yake, akachungulia.

"Mama," alimuuliza Toyba, "huyu mgeni atalala wapi?"

Tulicheka, kama watu wanavyocheka maneno ya watoto. Lubaba naye alicheka. Kisha akafungua sanduku na kuanza kugawa zawadi.

Kwa wiki kadhaa wageni hawakukatika. Walikuja na mikate, wakaketi, wakauliza.

"Walikupiga?"

"Hapana."

"Walikunyima mshahara?"

"Walinilipa."

"Hebu sema, dada, hapa hakuna mgeni. Yule mtoto wa dada yangu walimfungia chumba cha juu siku nne."

"Mimi sikufungiwa."

"Haya. Siku ya kusema itakuja. Iwe mimi, maskini, umekonda!"

Waliondoka kana kwamba wamenyimwa kitu. Lubaba alibaki akizungusha kikombe mkononi. Injera, ule mkate wetu mpana, aliimega akaiacha. Toyba alimpikia kila alichokipenda utotoni, na kila sahani ilirudi jikoni ilivyokwenda. Hata nyumba ilipotulia, mambo hayakubadilika: Ikram aliomba maji kwa bibi, alisuka nywele kwa bibi, alilala kwa bibi. Naye akimtaja mama yake mzazi alisema "yule".

Halafu siku moja akaja dalali wa kazi za Uarabuni. Alikuwa kijana mwenye viatu safi kupita matope yetu, akaongea na Lubaba mlangoni, akaondoka na pasipoti yake. Safari ilikuwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi.

Jioni ile ile Toyba alitokeza kichwa juu ya mabati.

"Boge, wewe una mdomo."

"Asante. Na wewe una pua."

"Sitanii leo. Mwanangu anaondoka tena."

Bogalech aliacha kutwanga. "Anatafuta nini kule tena? Si alileta fedha za kutosha?"

"Ningejua anatafuta nini ningekuja kwako? Nikianza kusema anainuka. Mchukue kwenye pilipili zako, mpe kazi, umtie maneno. Wewe hujawahi kushindwa na mtu."

"Iwe mimi, Toybiye! Niachie."

"Nakuachia. Ila usinirudishie maneno. Nirudishie mtoto."

Basi Lubaba akaanza kuja. Alikuwa na mikono myepesi, anapasua pilipili tatu wakati mimi nahangaika na moja, na Bogalech alimwanza siku ya kwanza tu. Alimtolea kisa cha msichana wa Kombolcha aliyekwenda mara ya pili akarudi haoni jicho moja. Siku iliyofuata, mwanamke wa Were Ilu ambaye mashua ilimzamia. Kisha kikaja kisa cha binti wa mchungaji, kisha cha mtu ambaye hata jina lake hakulikumbuka. Lubaba alijibu "Eh," na "Loo," na "Mungu amrehemu."

Siku moja aliinua macho. "Etiye, hao watu wote unaowajua, hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi salama akanyamaza?"

Wanawake waliangua kicheko. Bogalech alicheka kuliko wote, akapaliwa na vumbi la pilipili, akanywa maji. Lakini nilimwona akimtazama Lubaba baadaye, muda mrefu, kama mtu anayehesabu magunia akakuta moja limepungua.

Wiki ya mwisho ukungu haukuondoka. Tulihamia chini ya kibanda, na wale wa ujira hawakuja kwa sababu hakukuwa na jua la kuanikia. Tulikuwa watatu: Bogalech, Lubaba na mimi. Bogalech alikuwa ametwanga siku mbili mfululizo na vumbi lilikuwa limemkamata koo. Sauti ilimpotea kabisa. Alipofungua mdomo ilitoka pumzi tu, kama ya mfuko uliotoboka. Akatuashiria tufanye kazi.

Kwa hiyo ilikuwa kimya uani kwa Bogalech, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu nihamie. Tulisikia matone yakidondoka kutoka kwenye bati. Tulisikia visu vyetu.

"Leo asubuhi," Lubaba alisema, "mtoto alikuwa analia barabarani. Nikatoka mbio mpaka getini. Nimefika ndipo nikakumbuka niko Dese."

Bogalech aliendelea kupasua. Hakuwa na sauti ya kusema lolote.

"Anaitwa Layan. Nilimpokea akiwa na siku sita. Mama yake alikuwa mgonjwa baada ya kujifungua, kisha akapona, kisha akarudi kazini. Mtoto alilala kwangu. Alikuwa hapati usingizi mpaka ashike sikio langu, hapa chini, penye tundu la hereni. Nikaacha kuvaa hereni." Alitupa vikonyo pembeni. "Anaogopa mashine ya kusagia juisi. Ikiwashwa lazima umzibe masikio. Sijui kama huyu waliyemleta sasa anajua."

Alikuwa ameshaanza kulia, lakini mikono haikusimama.

"Maji alikuwa anayaita kwa lugha yetu. Nilimfundisha kuhesabu kwa lugha yetu, kwa siri. Siku moja aliamka na homa, mama yake akambeba. Mtoto akaninyooshea mimi mikono. Analia, ananyoosha mikono kwangu, na yuko kifuani kwa mama yake. Nikauona uso wa yule mama. Haikupita wiki mbili wakanikatia tiketi. Walinitoa nyumbani Layan akiwa shuleni. Vizuri kabisa, kwa adabu, na mshahara wote na zawadi juu."

Akajifuta machozi kwa kiwiko, kwa sababu viganja vilikuwa na pilipili.

"Nilimchukia yule mama njia nzima ndegeni. Nikafika hapa. Ikram akajificha nyuma ya sketi ya mama yangu. Basi nikakosa hata wa kumchukia. Nimlie nani? Nikisema namkumbuka mtoto wa watu, na wangu amesimama hapa ananiita mgeni, si watanitemea mate? Dalali anasema kuna nyumba ina mapacha wachanga. Wachanga, Etiye. Hawajui chochote. Hao hawatanikimbia."

Ndipo Bogalech akaitafuta sauti yake kokote ilikokuwa, akaivuta, ikatoka imekwaruza:

"Iwe mimi, mwanangu."

Lubaba aliweka kisu chini.

"Usiseme hivyo."

Bogalech akafikiri hakusikika. "Iwe—"

"Etiye, usiseme hivyo! Kila mtu ananiambia. Wamekuja hapa na mikate yao, iwe mimi, iwe mimi. Wewe nakuheshimu kama mama yangu, nakuuliza. Kweli ungetaka iwe wewe? Umlee mtoto mpaka akuite mama, halafu umpoteze? Umrudie wako, naye akukimbie? Vyote viwili? Ungevichukua, nikikupa sasa hivi?"

Mimi nilitazama beseni langu. Sikujua binti anaweza kumjibu mtu mzima namna ile, hasa huyu. Nilingoja Bogalech ainuke.

Hakuinuka. Mkono wake ulikuwa umebaki hewani na pilipili moja kati ya vidole. Niliona anaifikiria ile habari, anaifikiria kweli, kama mtu aliyeulizwa bei.

"Hapana," alisema kwa ile sauti iliyokufa. "Nisingetaka."

Lubaba alimtazama.

"Nimesema kwa mazoea," Bogalech akaendelea, akipumua kati ya neno na neno. "Nisingeweza hata kimoja. Sikijui. Sina mtu ninayemjua aliyepatwa na hilo, wa Kombolcha wala wa wapi. Nisamehe."

Kisha Lubaba akacheka, kicheko kifupi kilichochanganyika na kamasi, akachukua kisu tena.

"Huna mtu hata wa Haik?"

"Hata wa Haik."

"Basi leo nimekushinda."

"Umenishinda." Bogalech alisogeza kigoda chake karibu. "Sasa niambie. Anahesabu mpaka ngapi?"

"Mpaka ishirini. Kumi na saba anairuka."

"Kwa nini?"

"Sijui. Haipendi."

Aliongea mpaka gunia likaisha. Bogalech aliuliza vitu vidogo tu, kama anavyouliza mtu ambaye hajafika mahali: chumba kilikuwa na dirisha? Alipenda kula nini? Alikuwa anafanana na nani? Hakuuliza habari ya dalali. Alhamisi ilikuwa imebaki siku tatu na hakuitaja hata mara moja.

Lubaba alipokwisha kwenda, nilimchemshia Bogalech maji ya tangawizi kwa ajili ya koo lake. Aliyashika bila kunywa.

"Nilikuwa na jina la Yimer hapa," alisema, akigusa ncha ya ulimi wake kwa kidole. "Limefika hapa. Nilitaka kumwambia, na mimi walinichukulia mtu. Sauti ingekuwepo, ningekuwa nimeshaanza, ningefika kwenye vita, angekuwa ananifariji mimi sasa."

"Lakini hukusema."

"Nililimeza. Kilio cha leo kilikuwa chake." Akanywa kidogo, akakunja uso. "Yimer alipokosa kurudi, mtaa wote wa kule kijijini ulinijia. Iwe mimi, iwe mimi. Wakainuka, wakaenda kuwapikia waume zao. Sikuwachukia. Ila nilijua hakuna hata mmoja ambaye angebadilishana nami. Nikalisahau hilo. Umeona? Nilikuwa nalijua, nikalisahau, nikawa nalisema kuliko wote."

Kesho yake tulikwenda pamoja soko la vitunguu. Mpagazi mmoja aliteleza kwenye matope na gunia mgongoni, vitunguu vikamwagika mpaka chini ya meza. Soko zima likaitika kwa pamoja, "Iwe mimi!" Wauzaji walilisema wakiwa wamekaa. Bogalech alifumba mdomo. Aliinama, akashika pindo la sketi yake kama kapu, akaanza kuokota vitunguu, na alipomfikia yule mpagazi alimuuliza, "Goti au mgongo?"

"Goti, Etiye."

"Kaa kwanza. Usisimame kwa sababu ya watu."

Muuza vitunguu alininong'oneza, "Ana nini leo? Amekasirika? Hajasema kitu."

Toyba naye hakupendezwa. Jioni kichwa chake kilitokeza juu ya mabati, na safari hii hakukuwa na utani.

"Bogalech." Akimwita jina zima ujue ni vita. "Nimemuuliza Lubaba mlizungumza nini. Anasema, 'Etiye alinisikiliza.' Nimekutuma kusikiliza? Masikio ninayo mwenyewe! Alhamisi hiyo inafika!"

"Sikuweza kumwambia asiende, Toybiye."

"Kwa sababu ya koo? Ungeandikiwa na huyu msomi wako!"

"Siyo koo. Sikuwa na la kumwambia. Alinionyesha mzigo wake nikaona ni mzito kunishinda."

"Mzigo gani?"

Bogalech alikaa kimya. Lilikuwa jambo gumu kwake kuliko kutwanga; niliona taya linavyofanya kazi.

"Utamuuliza mwenyewe," alisema mwishowe. "Mimi nimepewa nishike. Sikupewa nigawe."

Toyba alishuka kwenye jiwe alilokanyaga, na tulisikia mlango wake ukibamizwa. Kahawa ya siku hiyo kila mmoja aliinywa peke yake. Bogalech aliichemsha, akaniwekea kikombe, akatazama mabati. "Kama anaondoka," aliniambia, "nitakuwa nimewapoteza binti na mama yake kwa gunia moja la pilipili."

Jumatano asubuhi Lubaba alikuja akiwa amejifunga mtandio vizuri, kama mtu anayekwenda ofisini.

"Etiye, nataka kumwambia mama. Sitaki aniulize tukiwa uwanja wa ndege. Lakini nikianza ataanza na yeye. Njoo ukae."

"Niseme nini?"

"Usiseme. Kaa tu."

"Na akisema yeye?"

Lubaba alifikiri. "Mkanyage."

Nilikwenda pia kwa sababu nilibeba birika. Ikram alikuwa shuleni. Toyba alitupokea kwa uso wa mtu aliyejiwa na wadai, akaketi upande mmoja wa jiko, Bogalech akaketi bega kwa bega naye, akaweka mguu wake karibu na wake. Lubaba alisema yote. Aliyasema vibaya kuliko alivyoyasema uani, akirudi nyuma na kurukia mbele, na mara tatu niliona Toyba anavuta pumzi ili aingie, na mara tatu nikaona kisigino cha Bogalech kikishuka.

"Unaniumiza, wewe!" Toyba alifoka mara ya tatu.

"Najua," Bogalech alisema.

Lubaba alipofika mahali pa sketi, pale Ikram alipojificha, hakuendelea. Alimaliza hapo. Bogalech aliondoa mguu wake.

Nilitarajia Toyba aseme kwamba hakumfundisha mtoto kumwita mama. Ndivyo ningesema mimi. Alianza hivyo hivyo, "Mimi sikumfundisha," kisha akaacha. Akachukua kijiti, akachokora makaa ambayo hayakuhitaji kuchokorwa.

"Nilifurahi," alisema.

"Ulifurahi nini, mama?"

"Siku uliyokuja. Alipokukimbia akanijia mimi. Wote mlicheka, mimi nilifurahi kweli, hapa ndani. Nikasema, bado ni wangu." Hakumtazama binti yake. "Na nilikuwa nakuombea urudi kila swala. Miaka yote hiyo nakuombea. Halafu unafika, namshikilia mtoto kwenye sketi yangu. Usiku akitaka kwenda kukuchungulia chumbani kwako, namwambia mgeni amechoka, mwache alale."

"Alitaka kunichungulia?"

"Mara nyingi."

Lubaba aliweka mkono mdomoni. Bogalech alikuwa analia waziwazi, bila pilipili yoyote karibu, lakini hakusema neno. Alimimina kahawa vikombeni, akampa Toyba kwanza, akampa Lubaba, akanipa na mimi; yeye mwenyewe alikuwa amefunga, ilikuwa Jumatano.

"Sikutaka uende," Toyba alisema. "Na sikutaka umchukue. Nilitaka vyote."

"Na mimi," Lubaba akasema.

Kwa kahawa ya kwanza, ya pili na ya tatu walizungumza habari za Layan, na Toyba alitaka kujua kama mtoto yule alikuwa mnene.

Alhamisi dalali alikuja na viatu vyake. Lubaba alimpokea getini, wakaongea kwa sauti ya chini, akarudi ndani na pasipoti mkononi. Hakuahidi kwamba hatakwenda tena kamwe. Alimwambia mama yake, "Siyo sasa," na Toyba akaufunga mdomo wake mwenyewe bila kukanyagwa.

Ijumaa asubuhi, Toyba alimpeleka Ikram mlangoni kwa Lubaba na kichana, akasema mikono yake inamuuma leo, jambo lililokuwa uongo mtupu. Mimi na Bogalech tulikuwa tunaanika. Jua lilikuwa limetoka hatimaye. Juu ya mabati hatukuona kitu, lakini tulisikia kigoda kikivutwa, kisha kimya kirefu cha mtu anayegawa nywele njia moja moja.

"Lubaba!" Ikram alilia. "Unanivuta!"

"Wapi?"

"Hapo. Nyuma ya sikio. Mama havuti hapo."

"Sikujua. Nionyeshe anavyofanya."

"Anashika hivi. Siyo hivyo, hivi!"

"Hivi?"

"Eeh. Polepole sasa."

Upande wetu Toyba alikuwa ameingia kimya kimya na kusimama karibu na jamvi, mikono imefungwa kifuani, anasikiliza. Bogalech alimsogezea kigoda na beseni. Toyba akaketi, akaanza kung'oa vikonyo.

Ikram alipita njiani baadaye akienda shule. Njia za nywele zilikuwa zimepinda vibaya, na msuko mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine. Toyba aliinuka nusu.

"Njoo nikurekebishie hapo, mama yangu."

"Usiguse," Ikram alisema, akashika kichwa kwa mikono miwili, akakimbia.